Hataza ya Boksi la Chaki

Nimewadharau watu wachache maishani mwangu, na silisemi hilo kwa kujivuna. Lakini ofisa mmoja wa Babati, katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, alinifundisha dharau vizuri kuliko mkufunzi yeyote wa chuo cha ualimu alivyonifundisha somo lolote. Jina lake nalikumbuka, na ofisi yake naikumbuka mpaka ufa uliokuwa juu ya mlango. Nayaacha yote mawili. Hakuna kitu mtu wa namna ile anachokipenda kama kuliona jina lake limeandikwa mahali.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi upande wa Nangara. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijaolewa, naishi na mama yangu katika nyumba ya vyumba viwili yenye shamba dogo la mahindi nyuma. Hali ya nchi wakati huo wanaijua walioishi. Sukari ilikuwa habari ya kunong'onezana: imekuja, haijaja, imekwisha. Tulifua kwa gwanji, ile sabuni ya kienyeji, tukala ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, uliokuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Ukiingia duka la ushirika ungeweza kukuta rafu zote zimepangwa kitu kimoja tu, leo dawa ya viatu, kesho hata hiyo dawa ya viatu haipo. Shuleni chaki tulikata vipande vitatu vitatu. Ubao tuliupaka makaa ya betri zilizokwisha, tukiyasaga pamoja na majani ya maboga.

Shule yetu ilikuwa na hazina moja. Wamisheni walikuwa wametuachia mkebe wa slaidi, zile picha ndogo za kuangaza ambazo huoneshwa ukutani kwa mashine yenye taa. Zilikuwa picha za somo la afya: jicho lilivyo ndani, mapafu, mbu, konokono wa ziwani, na mnyoo wa kichocho aliyekuzwa mpaka unaona mdomo wake. Mashine yenyewe tulikuwa nayo pia, lakini taa yake ilikuwa imeungua. Taa ya namna ile ilitaka fedha za kigeni, na Mwalimu Mkuu alikuwa akilitamka neno hilo, fedha za kigeni, kwa sauti ya mtu anayesali. Alikuwa ameandika barua kuomba taa, akaandika nyingine kuulizia ile ya kwanza, kisha akaridhika. Kwake yeye barua ikishaandikwa, tatizo lilikuwa limehama.

Mimi sikuridhika. Watoto wa Babati walikuwa wakiogelea ziwani na kukojoa damu, na mimi nilikuwa nawachorea mnyoo ubaoni kwa kipande cha chaki. Mchoro wangu ulifanana na kamba ya kiatu. Hawakuuogopa.

Karibu na stendi palikuwa na mpiga picha aliyekuwa amefunga studio yake kwa kukosa filamu na karatasi. Alikuwa anauza karanga mbele ya mlango wa studio hiyohiyo, huku pazia lililochorwa maua bado linaning'inia ndani. Nilimwuliza kama ana lenzi yoyote asiyoitumia.

"Mwalimu, mimi nina lenzi tu," akasema. "Cha kupiga ndiyo sina."

Aliingia ndani, akatoka na kamera mbovu, akang'oa lenzi kwa kisu, akanipa. Nilimletea maharage kisado kimoja. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea.

Boksi la kutazamia slaidi nililitengeneza nyumbani kwa siku nne. Nilitumia boksi la chaki, lile la mbao nyembamba. Upande mmoja nilitoboa tundu la kuingiza lenzi, nikaibana kwa pete niliyoikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Upande wa pili nilikata dirisha la ukubwa wa slaidi, na nyuma yake nikabandika karatasi niliyoipaka mafuta ili ipitishe mwanga kidogokidogo. Ndani nilipaka yale makaa ya betri, kukawa na giza kabisa. Nilisogeza lenzi mbele na nyuma mpaka picha ikatulia. Rula ya shule ilikuwa imefutika namba zote, kwa hiyo umbali wa kutoka lenzi mpaka picha niliupima kwa vidole vyangu vinne vilivyobanwa pamoja.

Nikaligeuza boksi kuelekea dirishani, nikaweka jicho. Mnyoo wa kichocho alikuwa amejaa kila mahali, ana mdomo, ana ngozi yenye vipele, rangi yake kama nyama mbichi. Nilimwita mama. Mama alitazama, akaondoa jicho, akatazama tena, kisha akasema neno la Kiiraqw ambalo sikuwahi kumsikia akilisema mbele ya watu.

Kwa majuma matatu boksi lile lilifanya kazi kuliko walimu wote tukijumlishwa. Watoto walipanga mstari kuanzia darasani mpaka kwenye mti wa kengele. Mzazi mmoja kutoka Sigino, mama wa watoto watano, alikuja kulalamika kwamba mwanawe anaota minyoo usiku kwa sababu ya mambo ninayomwonesha. Nikampa boksi atazame mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye yuko ndani ya mtoto wangu?" akaniuliza.

"Kama anakojoa damu, mama, huenda ndiye."

Alimshika mwanawe mkono, wakatoka, na baadaye nikasikia walikwenda kwa miguu moja kwa moja hospitali ya misheni, maana zahanati dawa zilikuwa zimekwisha. Baada ya hapo wazazi wengine wakaanza kuja kutazama, na habari za boksi zikafika mjini, na mjini zikafika kwa ofisa.

Aliniita kwa barua. Kutoka ofisini kwake mpaka shuleni kwetu ni mwendo wa robo saa kwa miguu, lakini alileta barua yenye namba ya kumbukumbu, ikinitaka nifike na "kifaa kinachohusika". Mwalimu Mkuu aliisoma mara tatu, akaamua kunisindikiza. Nilidhani anakwenda kunitetea. Kumbe alikuwa anakwenda kuonekana kwamba hahusiki.

Ofisa alivaa suti ya Kaunda ya rangi ya majivu, imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate, kama mkate ungekuwepo. Kazi yake, kwa maelezo yaliyokuwa mlangoni, ilikuwa kuendeleza ugunduzi na ufundi wa wananchi. Sijapata kumwona mwananchi aliyeendelezwa naye. Alikuwa na meza kubwa, na juu ya meza hapakuwa na kitu isipokuwa mikono yake, mipana, yenye vidole vinene vya mtu ambaye yanga haijamfikia.

"Hiki kitu umekitoa wapi?" akauliza.

"Nimekitengeneza, ndugu."

"Nani alikuruhusu?"

Nilimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama ufa ulio juu ya mlango.

"Sikujua kama inahitajika ruhusa kuweka lenzi kwenye boksi la chaki," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuita. Unajua maana ya hataza?"

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo. Aliliona hilo usoni kwangu, akafurahi, akaegemea kiti.

"Hataza," akasema polepole, "ni hati inayompa aliyegundua kitu haki ya kukitengeneza yeye peke yake. Mwingine akikitengeneza bila ruhusa yake, ni mwizi. Hata kama amekitengenezea jikoni kwa mama yake."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kitu chekundu cha plastiki, kama miwani mikubwa isiyo na masikio. Kilikuwa kifaa cha kutazamia picha ndogo, shemeji yake alikuwa amemletea kutoka Ujerumani. Alinipa nitazame. Ndani mlikuwa na mlima wenye theluji na ng'ombe wenye kengele shingoni. Kisha akakigeuza, akanionesha maandishi madogo yaliyochongwa chini kwa Kiingereza, yakisema kwamba kitu hicho kina hataza, na namba yake.

"Umeona? Wenyewe wapo."

"Lakini ndugu, hiki ni cha plastiki na kina macho mawili. Changu ni cha mbao, kina jicho moja."

"Ndivyo wezi wanavyojitetea." Akatabasamu kwa Mwalimu Mkuu. "Nchi inahangaika kutafuta wafadhili, halafu mwalimu wa serikali anaibia makampuni ya nje. Unajua huo unaitwaje? Huo ni uhujumu."

Leo kijana akisikia neno hilo anaweza kucheka. Sisi hatukucheka. Katika miaka ile watu walikuwa wamemwaga sukari chooni na kutupa vitambaa vipya mtoni kwa kuogopa kukutwa na bidhaa na kufungwa kwa neno hilohilo. Niliogopa, na ninajidharau mpaka leo kwa kuogopa kule.

"Mwalimu," Mwalimu Mkuu akanong'ona, "usitutafutie kesi."

Ofisa akawa mpole ghafla. Akasema yeye hapendi kuona mtumishi mwenzake akiharibikiwa. Nimwachie boksi lile kwa uchunguzi, na nimchoree michoro kamili pamoja na maelezo ya namna lilivyotengenezwa, ili aipeleke Dar es Salaam kulinganishwa na hataza iliyopo. Wakiona halifanani, nitarudishiwa na barua ya pongezi juu. Wakiona linafanana, yeye atajua namna ya kulimaliza jambo kimyakimya.

Nikachora. Hapa ndipo dharau yangu inaponirudia mwenyewe, kwa sababu sikuchora kama mtu aliyelazimishwa. Nilichora kwa siku mbili, kwa kalamu ya wino niliyoazima, kila upande wa boksi na karatasi yake, nikatia kivuli, nikaandika maelezo kwa mwandiko wa ubaoni. Nilitaka aone kwamba najua kazi. Kwenye umbali wa lenzi niliandika kama nilivyopima, vidole vinne. Kisha nikatia sahihi kwenye karatasi ya makabidhiano yenye kurasa mbili, nikasoma ukurasa wa kwanza tu.

Mama alikuwa anapepeta maharage niliporudi mikono mitupu.

"Umempa?"

"Mama, kitu kina mwenyewe. Kina hataza."

Nikamweleza hataza ni nini, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mwenyewe anaishi wapi?"

"Ulaya."

"Amekuja kulalamika?"

"Hapana."

"Ameandika barua?"

"Hapana, mama."

"Sasa nani amelalamika?"

Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la pili, naye aliuona mwanya ambao mimi na cheti changu tulipita juu yake. Akaendelea kupepeta.

Miezi ikapita. Kila nilipoulizia, ofisa alisema Dar es Salaam hawajajibu. Watoto wakaacha kuuliza boksi liko wapi, wakarudi ziwani, mimi nikarudi kwenye ile kamba yangu ya kiatu ubaoni.

Kisha yakaja maonesho ya wilaya kwenye uwanja wa mpira. Kila shule iliagizwa kupeleka wanafunzi wa kupiga makofi. Palikuwa na meza za vyama vya ushirika zenye maboga makubwa, palikuwa na jembe la kukokotwa na ng'ombe, na chini ya turubai zuri kuliko yote palikuwa na meza ya ofisa. Juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na boksi langu.

Halikuwa lilelile. Lilikuwa la mninga, limepigwa vanishi, lina skurubu za shaba. Lakini umbo lilikuwa langu, na lenzi ilikuwa ile ya mpiga picha, niliijua kwa mkwaruzo wa kisu ukingoni. Kando palikuwa na kadi iliyoandikwa kwa rangi mbili ikimtaja ofisa kuwa ndiye mgunduzi, na chini yake maneno "hataza imeombwa".

Nilisimama pale nikiwa nimeshika mkono wa mwanafunzi wa darasa la tatu, nikasahau kuuachia mpaka alipolalamika kwamba namwumiza.

Mgeni rasmi alikuwa ametoka mkoani. Alipofika kwenye meza ile alielezwa kwa muda mrefu, kisha akainama, akaweka jicho. Akakaa hivyo. Akabadili jicho. Nilikuwa karibu, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Naona kama ukungu."

"Ni mnyoo wa kichocho, ndugu mgeni rasmi," ofisa akasema.

"Ahaa! Kweli, kweli. Namwona. Mbaya kweli huyu!"

Akanyooka, wakapiga makofi. Msafara mzima ukapita kuinama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliinuka akisema safi sana, ndugu, hongera, huu ndio ugunduzi tunaoutaka. Watu wazima kumi na kitu, wenye vyeo, wametazama ukungu na kuusifu. Mwalimu Mkuu alikuwa wa mwisho. Yeye alisifu hata kabla hajaweka jicho.

Msafara ulipokwenda kwenye maboga, nikainama na mimi. Kweli palikuwa na ukungu mtupu, mwekundumwekundu, kama unatazama nyama kupitia maji ya ugali. Nikalitazama boksi kwa ubavu, nikaelewa mara moja. Lilikuwa refu mno. Fundi wake seremala alikuwa amesoma mchoro wangu, vidole vinne, na aliyetoa vidole vya kupimia alikuwa ofisa mwenyewe.

"Ndugu," nikasema, "lenzi iko mbali mno na picha."

"Mwalimu, hii ni kazi ya wataalamu."

"Vidole vilivyoandikwa kwenye ule mchoro ni vyangu. Si vyako."

Nikainua mkono wangu kumwonesha. Mama mmoja wa ushirika aliyekuwa meza ya jirani akacheka, bila kujua anacheka nini. Ofisa hakucheka. Alinisogelea, akazungumza huku akiendelea kutabasamu kwa wapita njia.

"Ulitia sahihi kunikabidhi kifaa pamoja na haki zake zote. Ukurasa wa pili, nenda kausome. Na maombi ya hataza yapo Dar es Salaam kwa jina langu. Sasa nakuonya, Mwalimu, ukitengeneza kingine, mwizi ni wewe. Mimi ndiye nitakayelalamika."

Juma moja zima sikulala vizuri. Halafu hofu ikaisha, ikabaki hasira, na hasira nayo ikapoa, ikabaki ile dharau ninayoieleza hapa. Shule zilipofungwa nilipanda basi kwenda Arusha, na kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Safari ilichukua siku tatu kwa sababu ya dizeli. Korogwe tulilala ndani ya basi tukisubiri lori la mafuta. Nilifikia kwa mama mdogo, Temeke, nikamletea maharage na mahindi, akayapokea kama aliyeletewa dhahabu.

Ofisi inayoshughulika na hataza niliipata siku ya pili, ghorofani, lifti haifanyi kazi. Nilikutana na karani wa kike wa umri wangu, amekaa mbele ya taipureta, anakunja utepe uliokwisha wino ili autumie tena upande wa pili. Nilimweleza nimetoka Babati. Akaniuliza Babati ni wapi. Nikamweleza hilo pia, kisha nikamweleza yote, tangu taa ya mashine mpaka ukungu wa mgeni rasmi.

Alinisikiliza bila kunikatiza, akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na jalada jembamba.

"Barua yake hii hapa," akasema. "Na hii ni nakala ya majibu yetu."

Ndani ya jalada mlikuwa na michoro yangu. Si nakala yake, ni yenyewe, kwa kivuli changu na mwandiko wangu wa ubaoni, sehemu ya chini tu imekatwa kwa wembe, pale nilipokuwa nimeandika jina langu.

"Mmempa hataza?" nikauliza.

Karani akacheka, si kwa ubaya. "Dada, sisi hapa hatutoi hataza. Sheria tuliyonayo tumeirithi kwa mkoloni. Tunasajili zile tu ambazo zimeshatolewa Uingereza."

"Yaani mtu wa Babati akigundua kitu?"

"Aende kwanza Uingereza. Akishapewa kule, arudi, tumsajili." Aliona uso wangu. "Na mimi sikuitunga."

Nilikuwa nimekuja na dharau ya mtu mmoja, sasa ikabidi niitandaze iwatoshe wengi.

"Na kile chekundu cha plastiki? Kina namba chini."

"Hiyo namba ni ya kwao. Kama haikusajiliwa hapa, hapa haina nguvu. Na hata ingesajiliwa, hataza ina miaka yake, ikiisha kila mtu anatengeneza. Halafu wana hataza kwa jambo fulani jipya walilolifanya ndani ya kile kitu, pengine namna picha zinavyozunguka. Hakuna mtu mwenye hataza ya kuweka lenzi mbele ya picha. Hilo watu wanalifanya tangu kabla babu zetu hawajazaliwa."

"Kwa hiyo mimi sikuiba."

"Hukuiba kitu, dada."

Nikaangalia tarehe ya majibu waliyompelekea. Ilikuwa miezi miwili kabla ya maonesho. Ofisa alisimama pale chini ya turubai, na kadi ya rangi mbili, na kunitisha kwa hataza, huku barua ya kumwambia kwamba hataza hiyo haipo na haiwezi kuwepo iko kwenye mtoto wa meza yake, pengine chini ya kile chekundu.

Niliomba nakala. Karani akasema hawana karatasi. Alisema hivyo kwa aibu, ndani ya jengo la serikali lenye ghorofa tano. Nikachana ukurasa katikati ya daftari la mazoezi nililokuwa nalo kwenye mkoba. Akapiga chapa majibu yale juu ya mistari ya daftari, kwa utepe ule uliochoka, herufi moja inaonekana, nyingine inakisiwa, kisha akagonga mhuri.

Nilimpelekea ofisa ukurasa ule siku ya kwanza ya muhula. Sikumwambia Mwalimu Mkuu na sikuandika barua ya kuomba kuonana naye. Nilibisha hodi, nikaingia, nikauweka mezani. Aliusoma akiwa amesimama. Masikio yake yakawa na rangi nyingine.

"Mambo ya ofisi yana taratibu zake, Mwalimu," akasema.

"Najua, ndugu. Naomba boksi langu."

"Lile la kwanza lilivunjwa wakati wa uchunguzi."

"Basi nipe lenzi yangu."

"Kifaa alipewa mgeni rasmi kama zawadi. Kiko mkoani." Akakaa. Sauti ikashuka, ikawa ileile ya upole niliyoisikia mara ya kwanza. "Lakini tungeweza kushirikiana. Wewe una kipaji, mimi nina nafasi. Tukiandika pamoja kwa wafadhili..."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa ndani ya basi, kuanzia Korogwe mpaka Minjingu. Yote yakaonekana ni mengi mno kwa mtu yule. Nikamwambia anipe kile chekundu.

"Hiki? Hiki ni cha shemeji yangu."

"Kina lenzi mbili. Mimi nadai moja, ya pili ni nauli ya Dar es Salaam."

Alikishika kwa muda. Nilimwona anapima, si haki wala aibu, anapima kama ule ukurasa wa daftari unaweza kumfikia mtu wa juu yake. Akakisukuma upande wangu wa meza bila kunitazama.

Nilikivunja nyumbani kwa nyundo ya mama. Lenzi zilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, na zilitoa maboksi mawili. Moja lilikaa shuleni, jingine nikampa muuguzi wa zahanati aliyekuwa akiniomba tangu mwanzo. Safari hii nilipima kwa rula niliyoazima, nikaandika sentimita juu ya kila boksi ili yeyote atakayetaka aige. Walimu wa shule mbili za jirani waliiga. Hakuna aliyekuja kulalamika, si kutoka Ujerumani, si kutoka Uingereza. Mwalimu Mkuu aliyataja maboksi yale katika taarifa yake ya mwaka kama mafanikio ya uongozi wa shule.

Ofisa alihamishwa baada ya muda. Alipandishwa cheo, akapelekwa mkoani.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi imepita, mimi nimeshastaafu. Alikuwa kwenye stendi mpya na mkewe, wanasubiri basi la Singida. Suti ilikuwa imempwaya. Alinitambua kabla sijamtambua, akasimama, na kwa kuwa ni mkubwa kwangu kwa umri, mdomo wangu ulisema shikamoo wenyewe.

"Marahaba, Mwalimu!" Akamgeukia mkewe, uso umechangamka kweli. "Huyu ndiye yule mwalimu niliyekuwa nakusimulia. Alikuwa na kipaji cha ugunduzi. Nilimsaidia sana enzi zile, kulikuwa na matatizo ya hataza."

Mkewe akanishika mikono yote miwili, akasema mume wake amewasaidia watu wengi, lakini hawamshukuru. Nilimtazama mzee yule nikitafuta dalili yoyote kwamba anajua anachokisema si kweli. Hakuwa nayo. Alikuwa anaamini. Nikamtakia mkewe safari njema, nikanunua ndizi zangu nilizozifuata pale, nikaondoka.